Viapo vya Mshona Matandiko

Inasimuliwa, na ajuaye hakika ya waliopita ni Mola wao aliyewaumba, kwamba katika mji mmoja wa nchi ya Sham, kwenye njia ya misafara, aliishi mtu jina lake Mundhiri bin Wasili, fundi wa kushona matandiko ya ngamia. Hakuwa mwanachuoni, wala hakuwa katika wale wanaotajwa kwa kukesha wakisali. Alikuwa mtu wa sindano yake na ngozi zake. Lakini ulimi wake ulikuwa na sifa. Watu wa sokoni walikuwa wakisema, "Mundhiri akikuahidi tandiko lako Jumatatu, njoo Jumatatu, usije Jumanne ukamkuta anakusikitikia kwa kuchelewa kwako." Mtu aliyemcha Mwenyezi Mungu katika maneno yake, na sote tunajua ucha Mungu wa namna hiyo ulivyo adimu.

Mkewe, Bibi Jumana, ndiye aliyekuwa mwosha maiti wa wanawake wa mji ule. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake, wala hakuichukulia ujira. Na waosha wa mji ule walikuwa na ada yao waliyorithishana: alionalo mwosha katika mwili wa maiti hulizika pamoja na maiti. Hamwambii jirani, hamwambii mume. "Mwosha hasemi," ndivyo walivyofundishana, na ni ada njema. Ila hata ada njema mtu anaweza kuibeba vibaya.

Ukaja mwaka wa tauni. Jumana akawa anaosha tangu asubuhi mpaka jua kuchwa, hata ngozi ya vidole vyake ikambabuka kwa maji ya kuoshea yenye majani ya mkunazi. Maiti wa mwisho kumwosha alikuwa Raita, bibi harusi wa miezi minne, mtoto pekee wa mjane mmoja aliyeitwa Ummu Raita. Jumana alikuwa katika josho la mwisho, lile la kafuri, aliposhika mkono wa yule binti kuusafisha, akahisi kidole kimekunjika juu ya mkono wake.

Akasimama. Akamtazama usoni. Hakuona kitu. Nje wanaume wakapiga kelele, "Harakisheni, enyi akina mama, liko jeneza jingine linangoja!" Naye akamkafini, jeneza likaondoka, na Mundhiri mwenyewe alikuwa mmoja wa waliolibeba.

Siku ya pili yake homa ikamwangusha Jumana. Hakufa kwa tauni, bali mwili haukumrudia. Magoti yalivimba, mikono ikawa inatetemeka hata kikombe hakishiki, na homa ikawa inaondoka na kurudi kama mgeni aliyekwisha kuijua njia. Mumewe akamwuguza. Alimbeba kumpeleka msalani, alimchana nywele, alimnywesha uji wa shayiri kwa kijiko. Dukani akahama, akazileta ngozi zake nyumbani, akawa anashona kizingitini pa chumba cha mkewe. Jumana alipenda kuisikia sindano ikipenya ngozi. Alikuwa akisema, "Nikiisikia najua ningali duniani."

Hayo yote Mundhiri aliyachukua kwa moyo mkunjufu. Lililomshinda ni hili linalokuja.

Siku moja baada ya swala ya Adhuhuri mkewe alimwita, akamshika mkono wa kanzu, akamwambia, "Mundhiri, wewe ulilibeba jeneza la Raita. Alikuwa amekufa?"

"Alikuwa amekufa, Mungu amrehemu. Una nini leo?"

Ndipo akamweleza habari ya kile kidole. Alikuwa amekaa nayo siku arubaini, kwa kuwa mwosha hasemi. Kisha akamwambia, "Niapie."

Mundhiri akaapa. Akasema, "Wallahi, alikuwa amekufa." Akauona uso wa mkewe ukilegea, naye akalala usingizi mzito ambao hakuwa ameupata tangu tauni ile. Mundhiri alitoka uani akamshukuru Mola wake huku machozi yakimtoka. Msiharakie kumlaumu. Nani kati yetu angemnyima?

Asubuhi ya pili mkewe akamwita tena. "Niapie."

Akamwapia. Na siku ya tatu, na ya nne. Kiapo cha kwanza kilimtuliza siku nzima, cha kumi hakikumtuliza hata saa moja. Akataka aape mara tatu kwa mpigo, kisha akataka aape huku ameweka mkono juu ya msahafu. Mundhiri, yule ambaye ulimi wake ulikuwa mfano sokoni, akawa anaapa kabla ya chakula na baada ya chakula, na kila alipoapa hofu ya mkewe ilizidi kunenepa.

Alikuja ndugu yake, Jabala, akamsikia Jumana akilia ndani. Akamvuta Mundhiri pembeni, akamwambia, "Ndugu yangu, mwanamke huyu kaingiliwa na shetani. Huna mtoto naye. Mwache, sheria imekupa nafasi, wala hakuna atakayekulaumu."

"Mwaka ule nilipougua tumbo miezi mitano," Mundhiri akamwuliza, "yeye alirudi kwao?"

Jabala akavaa viatu vyake akaenda zake.

Jibu zuri, na wengi hulipenda kisa hiki kwa jibu hilo. Lakini Mundhiri hakuwa malaika. Waliosimulia wamesema kwamba alikuwa akimwogopa mkewe. Akirudi kutoka msikitini alisimama mlangoni, akasikiliza kwanza, akimwomba Mungu amkute amelala. Na siku moja, katika sijida, dua ya kutaka mkewe apumzike ilimtoka ulimini, naye alijua vizuri alikusudia pumziko gani. Alinyanyua kichwa akalia kwa kujiogopa mwenyewe.

Basi ikawa siku moja asubuhi amekaa msikitini katika darsa, na mwalimu anazungumza juu ya viapo. Mwalimu akasema, "Mwenye kuapa kwa Jina la Mwenyezi Mungu juu ya jambo asilolijua, na amwogope Yeye anayelijua." Akaendelea na mengine. Ila Mundhiri hakuyasikia hayo mengine.

Alijua nini yeye? Alibeba jeneza. Uso wa Raita hakuuona, wala haikumjuzia kuuona. Viapo vyote vile, na mkono juu ya msahafu, aliapia jambo ambalo hakulishuhudia! Na alipokuwa akirudi nyumbani likamjia jambo baya zaidi. Alikumbuka, au alidhani anakumbuka, kwamba njiani kuelekea makaburini jeneza lilitikisika begani mwake.

Aliingia ndani, mkewe akamwambia, "Niapie." Mundhiri akajibu kwa ukali ambao hakuwahi kuutumia, "Siapi! Siapi tena!" Akatoka akaenda sokoni, akazunguka bila kununua kitu.

Aliporudi ilikuwa saa ya jua la utosini, ambapo watu wa mji ule hufunga milango wakajinyoosha. Mlango wake ulikuwa wazi na kitanda kitupu. Mwanamke asiyeweza kufika msalani bila kubebwa hakuwamo nyumbani! Jambo la kwanza, Mundhiri alikimbilia kisimani. Aliinama, na kule chini akaona uso mmoja tu unaomtazama, nao ulikuwa wake mwenyewe. Hapo ndipo alipojua mahali pa kwenda.

Akamkuta makaburini, nguo imechanika magotini kwa kutambaa njia nzima, amepiga magoti juu ya kaburi la Raita, anachimba kwa kucha. Mikono ilikuwa imezama mpaka viwiko, na damu imechanganyika na udongo. Hakuwapo mtu mwingine kwa joto lile.

"Njoo usikie," Jumana akamwambia kwa sauti ya upole kabisa. "Anabisha."

Mundhiri akainama, akaweka sikio juu ya udongo. Nao wamesimulia, wala hakulificha mwenyewe katika uzee wake, kwamba alisikia. Alisikia mbisho, mmoja baada ya mwingine, nywele zikamsimama. Ilimchukua muda kutambua kwamba ni moyo wake mwenyewe unaompiga masikioni.

"Jumana, twende nyumbani."

"Nataka atoke yeye, niingie mimi. Ndiyo haki."

Akamnyanyua. Hakuwa na uzito, maradhi yalikwisha kumla. Akausukuma udongo kwa mguu kuufunika, na hakuufunika vizuri kwa haraka ya kuondoka, akambeba mpaka nyumbani akiomba asikutane na mtu. Hakukutana na mtu.

Ilipofika Alhamisi, Ummu Raita alikwenda kumzuru mwanawe kama ilivyokuwa desturi yake, akakuta kaburi limevurugwa. Ukelele wake ulisikika mpaka sokoni. Mji ukasema: ni mwizi wa sanda! Na askari wa mji, ambao kwa kawaida walikuwa wazito kuliko magogo, siku hiyo wakawa wepesi, wakamkamata Duhaimu, mlinzi na mchimba makaburi, maskini asiye na jamaa. Ushahidi wao ulikuwa kwamba amekutwa na jembe. Mchimba kaburi kukutwa na jembe! Wakamfunga asubiri hukumu ya kadhi siku ya Jumamosi, na katika mji ule mwizi wa sanda alikuwa akikatwa mkono.

Mundhiri akaketi kizingitini, sindano mkononi, asiweze kushona. Akisema, mkewe atasimamishwa mbele ya mji mzima, na wale waliokuwa wakinong'ona kwamba ana shetani watapata la kupazia sauti. Huenda wakamtia minyororo. Asiposema, Duhaimu atapoteza mkono. Alikaa vile usiku kucha. Ijumaa, baada ya swala, aliingia chumbani, akakaa chini mbele ya kitanda, akamweleza mkewe yote, hata habari ya Duhaimu.

Jumana akasema, "Mwosha hasemi, Mundhiri."

"Mwosha hasemi aibu ya maiti. Hii si aibu ya maiti, mke wangu, hii ni yetu sisi tulio hai." Kisha akasema lile lililokuwa limemkaa kooni. "Nami nimekukosea. Nilikuapia kwamba najua, na sijui. Uso wake sikuuona. Niliapa kwa kuwa nilikuwa naogopa kukuona unalia."

Alingoja mayowe. Badala yake Jumana akauliza, "Kumbe na wewe unaogopa?"

"Naogopa tangu siku ya kwanza."

Mkewe akanyoosha mikono yote miwili, kama afanyavyo mtoto. "Basi nibebe," akasema. "Twende kwa mama yake."

Akambeba mgongoni, akapita naye katikati ya soko, mchana, watu wakiwatazama. Mundhiri alisema baadaye kwamba jeneza lolote alilowahi kulibeba lilikuwa jepesi kuliko macho yale.

Ummu Raita aliwafungulia mwenyewe. Jumana hakukubali kuketi juu ya mkeka. Alikaa sakafuni, akasimulia kile kidole, na kelele za wanaume nje, na kuchimba kwake. Hakupunguza kitu. Alipomaliza, mjane yule alikuwa amesimama wima, na bakora aliyokuwa akiitegemea ilikuwa imeinuka.

"Wewe! Wewe ndiye uliyemfukua mwanangu?"

"Ni mimi, mama yangu. Duhaimu hana kosa."

Bakora ikabaki juu. Mundhiri alijisogeza mbele ili impate yeye. Lakini haikushuka. Ummu Raita aliuliza kwa sauti iliyokuwa imebadilika, "Kidole gani?"

"Cha shahada. Mkono wa kulia."

Yule bibi akaketi palepale sakafuni, akaweka bakora kando. "Mkono ule nilikuwa nimeushika mimi," akasema. "Alikata roho alfajiri, mkono wake umo ndani ya wangu, nami nikakataa kuuachia. Wanawake walinisihi, nikakataa. Mpaka jua limepanda, vidole vyake vikakauka hivyo hivyo vimenishika. Walipoambiwa unakuja, nilivikunjua mwenyewe kwa maji ya moto, kimoja kimoja. Hicho cha shahada kilinishinda. Nikikinyoosha, kinarudi. Nikikinyoosha, kinarudi." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Mwanangu alikuwa amekufa, Jumana. Ungeniuliza ningekuambia. Nami peke yangu nimelala na habari ya kidole kile, nikidhani hakuna mwingine aliyekijua."

Wakakumbatiana wanawake wale wawili, wakalia mpaka Alasiri. Siku ileile Ummu Raita alikwenda kwa kadhi, na Duhaimu akafunguliwa. Kadhi akasema kwamba kalamu iandikayo makosa imeondolewa kwa aliyezidiwa na maradhi ya akili, na akakataza mtu yeyote kumbughudhi Jumana.

Wengi wakisimulia kisa hiki huishia hapa, wakasema akapona. Hakupona. Siku tatu alikuwa na furaha, akala, akacheka. Siku ya nne asubuhi akamwita mumewe. "Mundhiri, je, kama Ummu Raita alisema vile kwa kunihurumia tu?"

Hofu ikamrudia Mundhiri. Baada ya yote yale! Lakini katika ile hofu ndipo alipoona jambo ambalo hakuliona mwaka mzima: swali lile halikuwa swali, lilikuwa homa. Na homa mtu haijibu, huiuguza. Akaketi kizingitini, akachukua ngozi yake, akasema, "Sijui alilonalo moyoni, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Mimi nipo hapa, nashona."

"Niapie!"

"Siapi, mke wangu. Nipo hapa, nashona."

Akalia, akapiga ukuta, akamwita mwenye moyo wa jiwe. Mundhiri alijichoma sindano mara nyingi siku ile. Hakuongeza neno na hakuondoka. Kuelekea Alasiri Jumana alichoka, akaomba maji. Siku ya pili yake alilia kidogo zaidi kuliko jana, na siku nyingine alilia zaidi. Hivyo ndivyo walivyoishi miaka, siku njema na siku ngumu. Mundhiri alifunga saumu nyingi kuwa kafara ya viapo vyake. Ummu Raita akawa anakuja kila Jumatatu na mkate wa moto, akikaa na mgonjwa ili mume apate kwenda sokoni kununua ngozi.

Ulipotimia mwaka wa saba Ummu Raita akafariki, na ukakutwa wasia wake kwa jirani: asimwoshe mtu ila Jumana.

Wanawake wa mji wakatazamana. Jumana hakugusa maiti tangu Raita. Mikono yake ilikuwa ingali ikitetemeka, na ukelele wa Ummu Raita siku ile kaburini wote waliukumbuka. Mundhiri ndiye aliyeogopa kuliko wote, akamwambia mkewe, "Wasia unaweza kukuelemea, na mwenye udhuru ana udhuru wake."

Jumana akajibu, "Uje na sindano yako."

Akambeba mpaka nyumba ya marehemu. Mundhiri akaketi nje ya mlango uliofungwa, tandiko magotini, akashona. Akayasikia maji yakimiminwa. Josho la kwanza. La pili. Katika la tatu harufu ya kafuri ikatoka mlangoni, kisha maji yakanyamaza. Hakukusikika kitu. Mundhiri alitaka kuita, akaogopa. Alitaka kuingia, haijuzu. Uzi ulikuwa umekwisha katika sindano yake, naye hakuthubutu kusimamisha mkono ili atunge mwingine. Akawa anapitisha sindano tupu ndani ya ngozi, inaingia inatoka, inaingia inatoka, ili tu mkewe aisikie.

Maji yakamiminwa tena.

Baada ya kitambo mlango ukafunguliwa. Jumana alikuwa ameegemea mwimo, mikono ya nguo imelowa. Akamtazama mumewe.

"Mundhiri," akasema, "amekufa?"

Wanawake waliokuwapo wakainamisha vichwa. Mundhiri akaweka sindano chini. "Sijui, mke wangu. Mimi nilikuwa nje. Wewe ndiye uliyemwosha. Niambie wewe."

Jumana akaitazama mikono yake.

"Amekufa," akasema. "Mwenyezi Mungu amrehemu. Waiteni wachukuzi."

Hiki ndicho kisa, enyi ndugu zangu, kama nilivyokipokea. Wapo watakaouliza kama Jumana alipona baada ya siku ile. Walionisimulia hawakusema, nami sitawaapia nisilolijua. Ila kama nyumbani mwako yumo mwenzio ambaye mwili wake umemchoka na moyo wake haumwachi apumue, usimdhanie imani yake ni pungufu, wala usimpe uongo mtamu. Mwambie unaogopa, kama unaogopa. Kisha ukae pale kizingitini, mkono wako ushike kazi yoyote, hata kama uzi umekwisha. Ewe Mola, wape wenye kuuguza subira, na uwape wagonjwa wetu mtu wa kukaa mlangoni. Amin.